Nipone, au Nibaki Katika Eda?

Kwako Bi. Saadiya, mshauri wetu mpendwa wa gazetini,

Baada ya salamu nyingi na kukutakia afya, naomba msaada wako, na naomba upesi, kwa sababu Jumatatu ijayo nina sindano kwa daktari na sijui niende au nijitie homa nibaki ndani, maana aliyeniambia nisiende ni somo wangu aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, na aliyeniambia niende ni daktari, na mimi nimekaa katikati yao nakunwa kila upande kama nazi.

Mimi ni mtu wa Msimbazi, niliolewa na mume nitakayemwita Sadalla, ambalo si jina lake, muuza viungo sokoni Kariakoo. Nilipoolewa nilikuwa tayari na ugonjwa wangu ila sikujua kuwa ni ugonjwa, siku zangu zilikuwa zikija zitakavyo, mara nikae miezi miwili, mara minne, mara zije zisitake kuondoka, na mwili ukinenepa hata nikila kidogo, na ndevu, Bi. Saadiya, nasema kwa haya, ndevu kidevuni, ambazo nilikuwa nikizing'oa kwa uzi alfajiri kabla mume hajaamka, na chunusi za kigori usoni mwa mtu mzima. Nimekunywa kombe, nimefukizwa, nimekandwa tumbo na wakunga wawili, mmoja akasema tumbo limepinda, mwingine akasema lina baridi, na mimba haikuingia.

Sasa sikia lililonifikisha hapa. Nyumba tunayokaa ni ya mavyaa wangu, mama yake Sadalla, na katika nyumba za kwetu hedhi ya mwanamke haina siri kwa wanawake wenzake, maana asiposali huonekana, na Ramadhani ndiyo kabisa, kila mwanamke ana siku zake za kula ambazo atakuja kuzilipa baadaye. Ramadhani iliyopita mimi nilifunga mwezi mzima, sikula hata siku moja, na mavyaa akawa ananitazama kila nikishika kopo la kutawadhia, uso unamng'aa, na usiku wa kuamkia Idi akaniita chumbani kwake akanishika tumbo akasema, "Mwezi mzima, mwanangu? Basi Mungu amenisikia." Nikamwambia, "Mama, mimi ndivyo nilivyo, siku zangu hupotea." Akaniziba mdomo kwa kiganja, akasema, "Usiseme hivyo, watu wana jicho." Siku ya Idi mtaa mzima ukajua, nikaketishwa kwenye kiti cha mikono, nikaletewa halua na visheti, hata kinu sikuruhusiwa kushika, na mimi, nakwambia kweli, kwa kuambiwa kila saa nikaanza kuamini.

Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, damu ikaja, ikaja nyingi, mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele uani. Mavyaa alilia kwanza, kisha akakasirika, akasema ama nimekunywa kitu nikaitoa, ama nilijua tangu mwanzo nikala halua yake kwa uongo, na akamwambia mwanawe achague, mimi au radhi yake. Wazee wakaitwa. Mavyaa akasema, "Tatu, mwanangu, mpe tatu yaishe." Na Sadalla, ambaye sijapata kumsikia akimpinga mama yake hata kwa chumvi ya mchuzi, akasema, "Moja, mama," akanipa talaka moja, kisha akatoka nje na watu wote wakamsikia akilia.

Hivyo nimo katika eda tangu Mfunguo Tatu, humu humu nyumbani, yeye amehamia chumba cha mbele nami nimebaki cha uani. Na kama ujuavyo, mwanamke mwenye kuona siku zake eda yake huhesabiwa kwa siku hizo, na mashekhe wetu husema akiona damu ya tatu tu eda imekwisha, mume hawezi tena kumrejea kwa neno la mdomo. Kwa wenzangu hiyo ni miezi mitatu hivi. Mimi mwezi wa kwanza sikuona kitu, wa pili sikuona, wa tatu sikuona, na mavyaa anahesabu kwa kidole ukutani, na mimi moyoni nikasema ugonjwa ulioniachisha ndio huo huo unaonizuia nisiachike.

Ndipo nikaenda kwa daktari, kwa ruhusa ya Sadalla. Ni bibi wa Kihindi mwenye chumba chake cha dawa kule Uhindini, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi, na Bi. Saadiya sijapata kuona mtu kama yule, kwa sababu aliniuliza habari za ndevu kabla sijazitaja, akaniuliza siku zangu tangu usichana, akanipima kwa mikono taratibu, kisha akaja akakaa nami benchi moja akaniambia, "Wewe si tasa, bibi, wewe ni mgonjwa, na hayo ni mambo mawili." Akanieleza kuwa mwanamke ana mifuko miwili ya mayai tumboni, na yangu imevimba imejaa vilengelenge, yai linaanza safari na halifiki, na kwamba siku zilizopotea na unene na ndevu na chunusi si maradhi manne bali ni moja, na si jini wala si baridi. Akasema madaktari wa Amerika wameandika juzi juzi kuwa huupasua mfuko wakatoa kipande kidogo na baadhi ya wanawake wakaona siku zao na wengine wakazaa, lakini yeye hataki kisu kabla ya kujaribu lililo jepesi, nipunguze sukari na wanga, nitembee kila siku, na anichome sindano. Nikamwuliza, "Nitazaa?" Akasema, "Sikuahidi mtoto. Nakuahidi sitakudanganya." Nilitoka pale nikajiona mtu.

Na sasa nimsifu Sadalla, uniwie radhi. Mwanamke wa eda hatembei ovyo, nami nikadhani mambo ya kutembea yameishia hapo, lakini yeye akaniruhusu, na kwa kuwa si halali tena tufuatane bega kwa bega, kila siku baada ya alasiri mimi hutangulia na baibui langu, naye hufuata nyuma mbali, kutoka Msimbazi, tunapita Mnazi Mmoja, mpaka Magogoni pwani, kisha tunageuza, na watoto wanatupigia kelele, "Askari na mfungwa wake!" naye anawapungia mkono. Kule sokoni hununua matango na mchicha badala ya halua, na siku moja nilimwona akinywa chai kavu bila sukari, uso umemkunjana, nikajua anaonja ninachoonja mimi. Neno hatujasema. Ananitazama tu kama nipo.

Basi dawa imefanya kazi. Katika Jumada damu ikaja, ya kawaida, siku za kawaida, na mwezi uliofuata ikaja tena, daktari akapiga makofi kama mtoto. Mimi nililia kwa furaha na kwa hofu pamoja, maana hizo ni mbili. Na zote mbili nilizificha. Mavyaa asijue, nilitandika mswala kila wakati wa sala nikakaa juu yake, sikusali wala sikutia nia, nilikaa tu nikiinamisha kichwa mpaka wakati upite. Mbali na daktari, ni somo wangu peke yake, Bi Mgeni, aliyejua, na yeye ameniambia, "Usiende Jumatatu. Sindano hiyo ndiyo itakayoleta ya tatu, na ya tatu ndiyo itakayokutoa. Acha dawa, mwili urudie usingizi wake, eda ikae, mwanamume aliye karibu mwisho hurudi." Najua Sadalla anaweza kunioa upya kwa ndoa mpya, lakini kaka yangu ndiye walii wangu, na ameapa hatamtuma tena dada yake katika nyumba ile, na mavyaa naye ameapa hatapika pilau yangu mara ya pili.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie Sadalla. Kwanza haya, mambo haya hayasemwi kwa mwanamume aliyekuacha. Pili, nikimwambia siku zimerudi, atanirejea kwa ajili ya tumbo, sio kwa ajili yangu, na mimi nilikwisha kuketishwa mara moja kwenye kiti cha mikono kwa ajili ya tumbo lisilokuwa na kitu, sitaki tena. Basi niambie, Bi. Saadiya, nipone nitoke, au niugue nibaki?

Ni mimi,
Mwenye Eda, Msimbazi

*

Mwanangu Mwenye Eda,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili miwani ilinilazimu kuifuta. Hati yako ya Kiarabu imenyooka, mwalimu wako wa chuoni Mungu amlipe. Nimeona barua nyingi za wanawake walioachwa, na nyingi ni za kulaani, mume kalaaniwa, mavyaa kalaaniwa, mpaka paka wa nyumba. Wewe umeandika kurasa zote hizo na hukumtukana mtu. Hilo tu linatosha nikupende.

Sasa nikugombeze kwanza, tumalize. Kukalia mswala ukijifanya unasali, mwanangu, ni nini hicho? Mungu amekupa ruhusa ya kupumzika siku zile, ruhusa Yake mwenyewe, nawe ukaificha kama aibu kwa kuogopa jicho la mwanamke mwenzako. Usirudie. Ukiwa na udhuru, mswala uukunje uuweke juu ya kabati, na anayetaka kutazama atazame.

Tuje kwenye sindano. Bi Mgeni mheshimu, mbusu mkono, amekufunda mengi mema, na nia yake hapa ni njema pia. Lakini hili hakulijua, na lisilojulikana halifundwi. Hebu lisikilize shauri lake mara moja tena: anakutaka uwe mgonjwa ili uwe mke. Je, ukikubali, utaugua mpaka lini? Utazuia dawa mwaka huu, na mwakani, ndevu ziote, damu ikae miezi kisha ije kama ile ya uani, ili tu mtu akae chumba cha mbele akisubiri? Na mwanamume akikurejea hatimaye, atamrejea nani? Mwulize daktari wako pia, atakwambia kuwa tumbo kukaa miezi mingi bila kujisafisha si jema hata kwa asiyetaka mtoto. Siku zako si za kuzalia tu. Ni za afya yako.

Na yule daktari, nampa mkono wangu mzima kutoka hapa gazetini. Mtu akikwambia "sikuahidi," mshike, maana waliokuahidi wote umekwisha kuwaona. Jambo la kisu usilikubali wala usilikatae sasa. Kama siku moja atalileta, muulize atakayepasua ni nani, amewahi kuwapasua wangapi, na walikuwaje baadaye. Kombe endelea ukitaka, maneno ya Mungu hayamdhuru mtu, lakini mizizi ya kuchemsha usichanganye na dawa yake bila kumwambia.

Nimekuja kwa Sadalla wako. Umemsifu mpaka nami nikamsifu, na nakiri kuwa mwanamume anayesema "Moja, mama" mbele ya wazee, na mama yake anadai tatu, si mwanamume dhaifu kama watu wanavyofikiri. Wengi wangetoa tatu wakaenda kula. Chai kavu nayo nimeipenda. Lakini umemsifu mno, basi nikatafuta la kumlaumu, na nimelipata bila taabu. Tangu Mfunguo Tatu mpaka Rajabu hii, kilichokuwa kikitakiwa kwake ni neno moja, "Nimekurejea," wala halihitaji walii, wala mahari, wala pilau ya mtu. Miguu yake imesema kila siku mpaka Magogoni na kurudi. Mdomo haujasema, na sheria yetu husikiliza mdomo. Kwa nini? Mimi nadhani anaona eda yako ndefu kama uzi usiokatika, akasema moyoni ana wakati, mama atatulia, yatapoa. Hajui kuwa uzi umefika mwisho, na hajui kwa sababu wewe umemficha. Hilo ni kosa lako la pili.

Unasema akijua atakurejea kwa ajili ya tumbo. Mwanangu, fikiri. Alipoanza kukufuata njiani ulikuwa huna hedhi wala dalili, mavyaa amekwisha kukuita mwongo, mtaa unakucheka, na daktari hajaahidi chochote. Alikuwa akifuata tumbo gani siku zile? Kama angetaka tumbo tu, Dar es Salaam ina wasichana, na sheria inamruhusu kuoa hata wewe ukiwa humo humo ndani. Hakuoa. Alikunywa chai kavu. Usimtusi mtu mwema kwa kumdhania ubaya ambao hakuufanya.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimtume Bi Mgeni, usimtume mavyaa, usimtume mtu. Kesho alasiri mtakapotoka, ukifika Mnazi Mmoja, simama. Pale watu wanapita, hapana faragha, hapana wa kusema mmefanya baya. Msubiri akufikie. Haya yako iweke pembeni kidogo, utaichukua ukirudi, kisha mwambie kwa maneno haya: "Nimeona mbili. Jumatatu nachomwa sindano, huenda ya tatu ikaja. Daktari hakuahidi mtoto, nami sikuahidi. Nimekwambia ili usije ukasema hukujua." Ukimaliza, geuka uendelee na matembezi yako. Usilie, usimwombe, wala usimgeukie kumtazama uso. Mwanamume mwenye neno atalisema, na kama ni lazima akimbie kukufikia, akimbie.

Akikurejea, mna la kufanya pamoja, kwenda kwa mama. Na hapo nataka uwe na huruma, kwa sababu mavyaa wako alimlilia mjukuu ambaye hakuwapo, na kilio cha namna hiyo hakina matanga wala pole, hugeuka hasira. Mpelekeni kwa yule daktari akasikie kwa masikio yake kuwa kufunga mwezi mzima kulikuwa ni maradhi, si mimba wala uongo. Hapendi kwenda Uhindini? Daktari mwenye kukaa benchi moja na mgonjwa hatashindwa kufika Msimbazi akanywa kahawa. Na umwambie mavyaa, kwa adabu, kuwa kuanzia sasa habari za siku zako atazisikia kwako, hatazitafuta mswalani.

Asipokurejea, eda itakwisha, na utatoka katika nyumba ile kwa mlango wa mbele ukiwa na vitu vyako. Viapo vya kaka nimeviona vingi, hulegea dada akiisha kuwa na furaha. Akitaka kukuoa upya aje aombe, na safari hiyo wewe ndiye utakayetoa jibu, si wazee. Kama una shaka juu ya hesabu ya eda yako, kwa kuwa damu imekuja kwa dawa, nenda kamwulize kadhi wazi wazi, mimi ni mwandishi wa gazeti tu na fatuwa si kazi yangu.

Nakuheshimu, mwanangu. Mwanamke aliyeacha visheti katika nyumba ambayo mapenzi hupimwa kwa sahani, akatembea kila siku mbele ya vicheko vya watoto, huyo ana nguvu kuliko anavyojijua. Umeandika unaniuliza kama upone utoke au uugue ubaki, kana kwamba afya yako ni ya kugawana na nyumba ile. Ni yako peke yako, na ulikuwa na haki nayo kabla hujamjua Sadalla. Jumatatu asubuhi nataka uwe umekaa kwenye benchi la daktari, ukiwa mke wa mtu au ukiwa huru, na mkono wa nguo umekwisha kuukunja.

Bi. Saadiya